Miaka 120 ya Budo: deni la waliotangulia

Kilima cha Budo kilikuwa na kazi yake kabla ya shule kujengwa. Ubavuni mwake, mahali paitwapo Naggalabi, ndipo Kabaka, mfalme wa Buganda, anapotawazwa. Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa hapo tarehe 31 Julai 1993, baada ya zaidi ya robo karne ya Buganda kukaa bila Kabaka kitini. Wamisionari wa Church Missionary Society walipopewa ardhi kwenye kilima hicho, kilomita chache kutoka Kampala kwa barabara ya Masaka, walijua wamepewa mahali pa heshima. Shule waliyoifungua Machi 1906, ikiwa na wavulana wapatao 20, wakaiita King's, shule ya mfalme. Kaulimbiu yake ni ya Kiganda, Gakyali Mabaga: kazi ndiyo kwanza imeanza.

Mwaka huu King's College Budo inatimiza miaka 120. Historia yake imeandikwa vizuri na G. P. McGregor, aliyefundisha pale: kwanza kitabu cha miaka 60, kisha kile cha miaka 100 kilichotoka 2006. Anayetaka kujua nani alijenga nini na lini, akisome. Hapa nataka kufuata uzi mmoja tu, ambao naona ndio ulioishona shule hii tangu mwanzo: namna waliomaliza walivyowasaidia walio darasani, hasa kwenye mitihani na mashindano, na namna msaada huo ulivyobadilika kila mitihani yenyewe ilipobadilika.

Wavulana wale wa kwanza hawakuwa na wa kumuuliza. Mwalimu mkuu, H. W. Weatherhead, aliyefuatiwa baadaye na ndugu yake H. T. C. Weatherhead, aliwapangia maisha ya shule ya bweni ya Kiingereza, na nguzo ya maisha hayo ni kwamba mkubwa anamwangalia mdogo. Wengi walikuwa watoto wa machifu, na walitarajiwa kutoka pale moja kwa moja kwenda kushika madaraka. Ndugu hao wawili walitilia mkazo pia kazi za mikono, na mwaka 1914 H. T. C. Weatherhead aliandika makala nzima kueleza faida ya kazi hizo katika elimu. Mtihani, kwa maana tunayoijua leo, haukuwa na uzito wowote. Kijana alipimwa na watu waliomjua.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1922, Makerere ilipofunguliwa kwenye kilima kingine, ndani ya Kampala, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kadiri Makerere ilivyopanda kuwa chuo, ndivyo Budo ilivyopata mlango wa kuulenga. Hapo ndipo aliyetangulia alipoanza kuwa na kitu ambacho mwalimu Mwingereza hakuwa nacho: alikuwa ameukalia mtihani wenyewe kama mtoto wa Kiafrika, katika lugha isiyo yake, na akaingia. Toka kilima kimoja hadi kingine ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Mwanafunzi mwenye kaka yake Makerere aliweza kusikia maswali yalivyo, walimu wanataka nini, na kosa gani humwangusha mtu. Asiye na kaka alitegemea mkubwa wa bwenini kwake.

Orodha ya waliopita njia hiyo inajulikana Afrika Mashariki nzima. Edward Mutesa wa Pili alisoma Budo na Makerere kabla ya kwenda Cambridge, na mwaka 1963 akawa Rais wa kwanza wa Uganda. Yusuf Lule na Godfrey Binaisa, nao wa Budo, walishika urais mmoja baada ya mwingine baada ya Idi Amin kuangushwa 1979. Mara nyingi wanatajwa kwa vyeo hivyo tu. Mimi namkumbuka zaidi Lule wa kabla ya hapo, aliyetoka Budo akaenda Makerere, Fort Hare na Edinburgh, kisha akarudi kufundisha Makerere, na mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa chuo hicho. Siku 68 za urais wake hazikumpa nafasi ya kufanya mengi. Miaka yake ya chuoni ilimpa, kwa sababu vijana wa kilima alichosomea walimkuta akiwa upande wa pili wa mlango.

Wasichana waliingia Budo miaka ya 1930, chini ya mwalimu mkuu H. M. Grace, ambaye baadaye aliondoka kwenda kuongoza shule ya Achimota, Gold Coast. Lilikuwa jambo zito kwa wakati ule, na matunda yake yalionekana upesi. Makerere ilipopokea wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1945, walikuwa sita. Mmoja wao alikuwa Sarah Nyendwoha, binti kutoka Hoima aliyesomea Budo, ambaye baadaye tulimjua kama Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hesabu. Mhadhiri akakataa kufundisha darasa lenye mwanamke ndani yake, na Sarah akalazimika kushika masomo mengine. Alikwenda Oxford akahitimu mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kutoka ukanda huu wa Afrika kupata shahada pale.

Alichofanya baadaye ndicho kinachonigusa. Alirudi kufundisha Gayaza, shule ya wasichana iliyoanzishwa 1905, mwaka mmoja kabla ya Budo. Alipogundua kwamba analipwa chini ya wanaume wenye elimu kama yake, alisema ataendelea kufundisha, ila mshahara wao hautaki: afadhali afundishe bure kuliko kupokea pesa za dharau. Akafundisha. Suala likafika juu, na serikali ikalegeza. Wasichana waliokuwa mbele yake darasani waliona kwa macho yao mtu aliyefungiwa mlango wa hesabu akisimama ubaoni na kukataa kuhesabiwa pungufu. Sijui basari au jengo linaloweza kufanya kazi hiyo.

Miaka hiyohiyo ya 1940 ina ukurasa mwingine usiopaswa kurukwa. Mwaka 1942 wanafunzi wa Budo waliasi, na shule ikafungwa. Mwaka 1945, tarehe 5 Septemba, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda Martin Luther Nsibirwa aliuawa kwa risasi Namirembe, muda mfupi baada ya kupitisha sheria iliyoruhusu ardhi kutolewa kwa kazi za umma, upanuzi wa Makerere ukiwemo. Bweni la Nsibirwa pale chuoni lina jina lake. Binti yake, Rhoda Kalema, alisoma Gayaza na Budo, kisha akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo katika siasa za nchi. Ninayataja haya kwa sababu sherehe za miaka zina tabia ya kusafisha mambo. Shule hizi zilipendwa, na kwa sababu zilipendwa ziligombaniwa pia, na kila mtu wa zamani alikuwa na neno lake juu ya namna ziendeshwe.

Katika mijadala na jukwaani, Budo ilikuwa na utajiri mkubwa zaidi. Abu Mayanja, mtoto wa Kiislamu katika shule ya Kianglikana, alitoka pale na ulimi uliowatikisa wakubwa. Mwaka 1952, akiwa bado kijana wa Makerere, alikuwa katibu mkuu wa Uganda National Congress, na mwaka huohuo alifukuzwa chuoni kwa mgomo wa chakula. Okot p'Bitek alifika Budo kutoka Gulu, na akiwa mwanafunzi alitunga opera. David Rubadiri alikuja kusoma pale, na baadaye akawa mshairi na balozi wa kwanza wa Malawi katika Umoja wa Mataifa, kisha akarudi Makerere kufundisha. Watoto hawa walitoka makabila, dini na hata nchi mbalimbali, wakalala mabweni yaleyale. Mcheza kwao hutunzwa, na kwa watu wa aina hii kwao palikuwa pamoja na ukumbi wa shule, mahali walipopigiwa makofi kwanza.

Sasa turudi kwenye mitihani, maana hapo ndipo historia ya msaada huu inapoonekana wazi. Kwa miongo mingi karatasi zilitoka Cambridge, na majibu yalisafirishwa kwa meli kwenda kusahihishwa huko. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa muda mfupi mtoto wa Budo, wa Alliance ya Kenya na wa Tabora ya Tanzania walikuwa mbioni kuelekea chombo kimoja. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake miaka miwili baadaye. Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977. Uganda ikabaki na kazi ya kujijengea baraza katikati ya magofu ya utawala wa Amin, na sheria ya baraza hilo, UNEB, ikapitishwa 1983.

Kila badiliko lilikuwa na maana moja kwa mtahiniwa: karatasi za miaka ya nyuma hazikumtosha tena. Walimu wa kigeni waliokuwa wamezoea mfumo wa Cambridge waliondoka kwa wingi baada ya 1972. Vitabu vikaadimika. Shule kongwe za Kampala na vitongoji vyake, Budo, Gayaza, Kisubi, Namilyango, Mengo, zilishikiliwa na walimu Waganda na Waafrika wengine ambao wengi walikuwa wamepita katika madarasa ya aina hiyohiyo. Mshahara wa mwalimu miaka ile ya magendo haukumfikisha mtu mwisho wa wiki. Waliobaki walibaki kwa mapenzi. Tunapoadhimisha miaka 120 tukihesabu marais na majaji, naomba walimu hao watajwe kwanza. Wengi wao hawana jengo lenye majina yao.

Msaada wa leo una sura nyingi. Kuna basari kwa watoto ambao ada ingewarudisha nyumbani. Kuna siku ya taaluma, ambapo mhandisi, daktari na mkulima wa kahawa husimama mbele ya S4 na S6 (kidato cha nne na cha sita) kueleza walivyofika walipo. Kuna ligi za Jumapili, ambapo kila mwaka wa kumaliza huunda timu yake. Wanaoitana OB na OG (Old Boys na Old Girls) hucheza mpira, hula nyama choma, na katikati ya kelele hizo huchangishana fedha za kukarabati maabara. Wa Kisubi wana ligi yao, wa Budo wana yao. Mgeni anaweza kuziona kama starehe tu, lakini bila mahali pa kukutana hakuna chama cha wahitimu kinachodumu, na michango mingi ya shule imeanza kwenye viti vya plastiki kando ya uwanja.

Hata hivyo, msaada ninaouthamini kuliko yote ni ule wa semina. Asiyesoma Uganda huenda hajui semina hizi ni nini. Shule mbili, tatu au zaidi hukutana siku moja kwa somo moja, tuseme fizikia au historia. Maswali yamegawanywa wiki kadhaa kabla. Kila kundi husimama, hutoa jibu lake, kisha wenyeji na wageni hulichambua bila huruma. Walimu hukaa mbele, na pamoja nao hukaa waliomaliza: kijana wa chuo kikuu aliyepata alama nzuri, au yule aliyemaliza S6 majuzi tu na sasa yuko kwenye likizo ndefu ya kusubiri chuo. Huyu wa pili ana faida kubwa. Karatasi bado iko mkononi mwake. Anakumbuka alivyotumia dakika 40 kwenye swali la alama chache, na anakumbuka swali lililomtisha likageuka kuwa jepesi alipolisoma mara ya pili. Mwalimu anaweza kuyasema hayo yote, lakini mtahiniwa huyasikia tofauti yakitoka kwa mtu aliyemwona bwenini mwaka jana.

Aliyefika chuoni ana kazi nyingine. Yeye hukaa na ripoti za wasahihishaji, zinazoeleza watahiniwa walikosea wapi kitaifa, na kuzigeuza kuwa mazoezi. Kwa mtoto wa sayansi anayeogopa mtihani wa vitendo, hukaa naye maabara jioni moja wakipima tindikali na besi tone kwa tone mpaka mkono uache kutetemeka. Kwa wale wa General Paper, ambayo kila mtahiniwa wa S6 huifanya, huwasomesha magazeti na kubishana nao. Hakuna fedha nyingi inayohitajika hapa. Kinachohitajika ni Jumamosi.

Mashindano yamekuwa uwanja wa pili. Kuna shindano la taifa la hisabati, na kuna midahalo ya shule kwa shule. Kuna shindano la insha la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sekondari. Kuna sataranji, ambayo katika shule za Uganda ina deni kwa Padri Damian Grimes, aliyeongoza shule ya Namasagali kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye mashindano ya shule bado yanaitwa kwa jina lake. Mashindano haya yote hula muda ambao mwalimu wa kawaida, mwenye madarasa makubwa na daftari za kusahihisha, hana. Ndiyo maana kocha wa mdahalo au wa sataranji mara nyingi ni kijana aliyemaliza, anayekuja kwa boda boda baada ya kazi. Na hapa Kiswahili kina nafasi mpya. Tangu 2020 kimo katika masomo ya lazima ya madarasa ya chini ya sekondari Uganda, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikiridhia kuwa lugha rasmi. Walimu ni wachache. Wahitimu waliokaa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wanaweza kuanzisha mdahalo wa Kiswahili hata kesho, nao wangekuwa wa kwanza kuifanya lugha hii isikike nje ya kipindi.

Kuna msaada mmoja usio msaada. Kila Oktoba na Novemba huzuka uvumi wa karatasi zilizovuja, na mzazi au mhitimu mwenye fedha hushawishika "kumsaidia mtoto". Sheria mpya ya UNEB ya 2021 imeongeza adhabu, kifungo kikiwemo, lakini sheria haifiki kila mahali penye ushawishi. Chama cha wahitimu kinafika. Mkubwa akisema mbele ya wadogo kwamba alama ya kununua haina heshima katika shule yake, neno hilo lina nguvu ambayo polisi mlangoni hana.

Badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hili la sasa. Mtaala mpya ulianza na S1 ya mwaka 2020. Mara tu ulipoanza, shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguka kwa wote mpaka Januari 2022. Wanafunzi hao walifanya UCE, mtihani wa mwisho wa S4, ya kwanza ya mtaala mpya mwaka 2024. Asilimia 20 ya alama sasa hutoka kwenye tathmini ya darasani na miradi, na 80 kwenye mtihani wa mwisho. Maswali ya mtihani huo huanza na hali halisi: kijiji chenye maji machafu, duka linalopata hasara, shamba lililomomonyoka. Mtahiniwa anaulizwa afanye nini na alichojifunza.

Kwa hiyo madaftari ya OB aliyepata alama za juu mwaka 2015 yamepoteza thamani yake mara moja. Wengine wamelalamika kwamba kizazi hiki hakiwezi kusaidiwa tena kwa sababu hatuujui mtihani wao. Naona kinyume kabisa. Kwa muda mrefu aliyefaa kumsaidia mtahiniwa alikuwa yule aliyefaulu majuzi, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kukosa la kusema. Sasa mhasibu wa miaka 50 aliyesahau kanuni zote za aljebra, lakini anajua kwa nini duka la mtaa wake lilifungwa, ana somo zima mkononi. Fundi wa maji, muuguzi wa hospitali ya Mulago, mwenye kiwanda cha matofali: kila mmoja anajua hali ambayo swali linaiiga. Weatherhead aliyeandika mwaka 1914 juu ya kazi za mikono angeuelewa mtihani huu vizuri kuliko wengi wetu tuliokaririshwa.

Hili linahitaji chama kibadilike. Siku ya taaluma inayomleta mtu mashuhuri kwa hotuba ya saa moja na picha haitoshi. Mwanafunzi wa S3 mwenye mradi wa kutengeneza sabuni anahitaji mtu atakayepokea simu mara nne katika muhula, amruhusu kufika kiwandani, amwambie kwamba hesabu yake ya gharama imesahau umeme. Kila mwaka wa kumaliza ungeweza kuchukua miradi kumi. Hakuna haja ya jiwe la msingi wala utepe wa kukata.

Na kuna haki ya kuangalia. Budo ina wahitimu wa miaka 120, wenye simu, ofisi na viwanda. Sekondari ya kutwa iliyoanzishwa chini ya mpango wa elimu ya sekondari kwa wote wa mwaka 2007 haina hata miaka 20 ya waliomaliza, na wengi wao bado wanatafuta kazi. Mtihani ni uleule, na nafasi za chuo zinazolipiwa na serikali ni zilezile chache. Tukiwasaidia wa kwetu peke yao, basi tunaupanua mwanya ambao shule hii, iliyojengwa kwenye ardhi ya Buganda kwa jina la mfalme wa watu wote, ilipaswa kuuziba. Sarah Ntiro hakurudi kufundisha Budo. Alikwenda Gayaza, ambako nako kulikuwa na wasichana waliohitaji mwalimu.

Ombi langu kwa wanaoandaa maadhimisho ni dogo na lina tarehe. Muhula wa pili ndio wenye nafasi, kabla ya mitihani ya majaribio (moko) na kabla ya UCE ya Oktoba. Semina za hesabu na sayansi za muhula huo zifunguliwe kwa sekondari za kutwa za Nsangi na Kyengera, jirani na Budo, watoto wao wapewe maswali ya kutetea kama wengine, na nauli na chakula cha mchana vilipwe kutoka mfuko wa sherehe.